Samba Ipi Ujifunze: ya Kanivali, ya Wawili, ya Duara au ya Safu?

Mtu akisema anataka kujifunza samba, wengi humfikiria mnenguaji aliyevaa manyoya na viatu virefu, akicheza mbele ya ngoma katika kanivali ya Rio de Janeiro. Picha hiyo ni ya kweli, ila inaficha mengi, kwa sababu Wabrazili wenyewe wana samba kadhaa, na madarasa ya jumuiya, yawe ya Rio, Salvador, London au San Francisco, kwa kawaida hufundisha mojawapo ya nne. Kuna samba no pé, ambayo kila mmoja huicheza peke yake na ndiyo inayoonekana kwenye kanivali. Kuna samba de gafieira, inayochezwa na watu wawili walioshikana. Kuna samba de roda ya eneo la Recôncavo katika jimbo la Bahia, inayochezwa ndani ya duara la watu. Na kuna samba-reggae ya jiji la Salvador, ambayo kundi zima huicheza likiwa limejipanga safu mbele ya ngoma nyingi. Tangazo la darasa mara nyingi huandika "samba" tu, na mwanafunzi huja kugundua ni ipi akiwa amekwisha kulipa ada ya muhula.

Tahadhari moja itangulie. Ipo samba nyingine ya mashindano ya dansi ya ukumbini, ambayo ni mojawapo ya dansi tano za kundi la Kilatini pamoja na cha-cha-cha, rumba, paso doble na jive. Hiyo ilipangiwa kanuni zake Ulaya, ina namna yake ya kunesa, na aliyebobea humo akienda kwenye ukumbi wa dansi katika mtaa wa Lapa mjini Rio atapata taabu kuelewana na wenyeji sakafuni. Ina wapenzi wake na nidhamu yake, lakini haimo katika ulinganisho huu. Ukikuta samba inafundishwa pamoja na rumba na cha-cha-cha, huenda ndiyo hiyo, na ni vyema uulize mapema.

Vigezo vya ulinganisho

Nimezipima samba hizi nne kwa vigezo sita: unacheza na nani, mwili unadaiwa nini, muziki wake unasikilizwaje, utaicheza wapi nje ya darasa, itakugharimu nini, na adabu gani inakungoja. Sikuweka kigezo cha ugumu peke yake, kwa kuwa kila samba ina ugumu wake, na unaomshinda mtu mmoja huwa mwepesi kwa mwingine. Vigezo hivi havina uzito sawa. Cha kwanza nakipa uzito kuliko vyote, kwa sababu hatua hufundishika kwa yeyote mwenye subira, ilhali namna ya kukaa na watu ambayo dansi inaidai haibadilishwi na mwalimu.

Unacheza na nani

Katika samba no pé unacheza peke yako katikati ya wengi. Darasani mnasimama mbele ya kioo, mwalimu yuko mbele, na hakuna anayekusubiri wala unayemsubiri. Ukikosa wiki moja, humharibii mtu. Hata hivyo, upweke huo ni wa miguu tu. Shule za samba za Rio ni jumuiya za mitaa: Portela ilianza mwaka 1923 katika eneo la Madureira, Mangueira na Deixa Falar zikazaliwa mwaka 1928, na tangu shindano la kwanza la mwaka 1932 kila shule hushuka barabarani ikiwa imegawanyika vikosi. Wanenguaji hodari, waitwao passistas, ni kikosi kimoja tu. Kuna kikosi cha baianas, ambao ni wanawake wa makamo na wazee waliovaa sketi pana zinazozunguka, na kuna vikosi vya watu wa kawaida wanaoimba na kutembea kwa mdundo. Shule za samba zilizoanzishwa nje ya Brazil nazo hufuata mpangilio huo, kwa hiyo aliyejifunza peke yake hatimaye huingizwa katika kundi, na nafasi yake haitegemei wepesi wa mguu pekee.

Samba de gafieira haiwezekani bila mwenzi. Mmoja huongoza na mwingine hufuata; kwa desturi mwanamume ndiye aliyeongoza, ingawa siku hizi madarasa mengi humruhusu kila mtu ajifunze upande anaoutaka. Huhitaji kwenda na mwenzi wako, kwa maana wanafunzi hubadilishana kila baada ya dakika chache, na kubadilishana huko ndiko kunakofundisha, kwani kila mwili hupokea ishara kwa namna yake. Lakini ni lazima useme ukweli na nafsi yako kuhusu kushikana. Mkono uko mgongoni, vifua viko karibu, mapaja hugusana katika baadhi ya mitindo. Msomaji ambaye dini au malezi yake hayamruhusu kushikana hivyo na asiye maharimu wake asijitie mashakani akidhani atazoea. Akitaka dansi hii, na atafute darasa linalokubali wanandoa wabaki pamoja au wanawake wacheze na wanawake wenzao.

Samba de roda ina mpango mwingine kabisa. Waliopo husimama au hukaa katika duara, wanapiga makofi na kuitikia, na anayecheza huingia kati. Mwanafunzi mpya hutumia muda mrefu pembeni kuliko katikati, na anayeona kwamba amelipia kucheza lakini anapigishwa makofi hajaelewa alichokijia: makofi na kiitikio ndiyo samba yenyewe. Katika aina iitwayo samba chula hakuna anayecheza wakati waimbaji wanaimba; wanapomaliza, na vyombo vikabaki peke yake, ndipo mtu mmoja anaingia. Huzunguka ndani ya duara kwa hatua ndogondogo, hujisogeza mbele ya wapigaji kana kwamba anawashukuru, kisha humwendea mwingine pembeni na kumgusa kitovu kwa kitovu, au kujifanya anamgusa, na huyo ndiye anayemrithi. Katika aina ya pili, samba corrido, wimbo na uchezaji huenda pamoja na duara huwa huru zaidi.

Samba-reggae ni ya safu. Kiongozi mmoja hucheza mbele, wengine wanamtazama na kuiga, hatua moja inarudiwa mara nyingi hadi ukumbi mzima uingie, kisha inabadilishwa. Anayekosea hapotezi kitu, maana hatua ileile itarudi baada ya sekunde chache. Kwa mtu mwenye haya, hapa ndipo pa kujificha pazuri kuliko pote.

Mwili unadaiwa nini

Hatua ya msingi ya samba no pé ni kuhamisha uzito mara tatu ndani ya mapigo mawili. Mguu mmoja unakwenda nyuma na kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, mguu wa mbele unapokea uzito palepale ulipo, kisha ule wa nyuma unaurudisha mwili mahali pake, na pande zinabadilishana. Magoti yanabaki yamelegezwa muda wote. Kwa kasi ya polepole jambo hili hueleweka katika kipindi kimoja. Kwa kasi ya kanivali, ambayo hupita mapigo 130 kwa dakika, huhitaji miezi. Maumivu huanzia kwenye shavu la mguu na mbele ya muundi, hasa penye sakafu ya saruji, kwa hiyo sakafu ya mbao ni neema.

Hapa nina neno kwa wasomaji wa pwani. Aliyekulia kwenye chakacha amezoea kuanzia kiunoni: nyonga inazungushwa kwa makusudi na miguu inaifuata. Katika samba no pé mpango umegeuka, kwa kuwa nyonga inatikisika kama matokeo ya magoti na nyayo zinazofanya kazi chini. Anayejitahidi kukata mauno huchelewa pigo na kuchoka mgongo wa chini, wakati mwenzake ambaye hajawahi kucheza ngoma yoyote anasonga mbele. Ujuzi wa zamani haupotei, ila katika wiki za kwanza ni bora uusahau kidogo.

Miguu ya samba de roda nayo ni midogo, lakini haipaishwi. Hatua yake kuu, miudinho, ni kuteleza kwa nyayo ambazo karibu zote ziko chini, mbele na nyuma kwa vipande vidogo sana, kiasi kwamba mwenye sketi ndefu huonekana kama anaelea. Wazee wa Bahia huicheza wakiwa na umri ambao magoti yao hayangekubali mwendo wa kanivali, na mvuto wake unatokana na utulivu wa mwili wa juu. Samba de gafieira haichoshi pumzi sana, lakini inachosha akili: lazima ujue kila mara uzito wako uko mguu gani, kwa sababu mwenzi wako anausoma, na mguu mmoja ulioachwa nusunusu humfanya asijue aende wapi. Samba-reggae inataka mikono mipana, mabega, na hatua kubwa zinazopiga chini. Si ya haraka, ila hudumu, na dakika 40 bila kupumzika si jambo la ajabu.

Muziki na namna ya kuusikiliza

Samba huhesabiwa kwa mapigo mawili, na pigo zito la ngoma kubwa, surdo, huangukia la pili. Wanaoanza wamezoea uzito wa pigo la kwanza, ndiyo maana hujikuta wamegeuzwa. Inasimuliwa kwamba Alcebíades Barcelos, aliyejulikana kwa jina la Bide, mwanamuziki wa mtaa wa Estácio, ndiye aliyeitengeneza surdo ya kwanza kutokana na kopo kubwa la siagi. Katika shule nyingi surdo moja hupiga na ya pili huijibu. Mangueira imejiwekea desturi ya kutotumia ngoma ya kujibu, na masikio yaliyozoea huitambua kwa mbali. Kwa anayejifunza samba no pé, darasa lenye ngoma halisi, hata kama ni surdo moja na tari, ni bora mara nyingi kuliko lenye spika kubwa, kwa sababu pigo la pili huhisiwa kifuani kabla halijaeleweka kichwani.

Gafieira huchezwa kwa samba ya mwendo wa wastani, mara nyingi yenye ala za kupuliza, trombone ikiwa mbele, na hatua zake hufundishwa kwa hesabu ya haraka, haraka, polepole. Uzuri wake ni kwamba wawili wanaweza kusimama kidogo, kungoja, na kuujia mdundo baadaye. Ubaya wake ni kwamba darasa linaloharakisha mitindo huwapa wanafunzi orodha ndefu ya mizunguko wasiyoweza kuiweka ndani ya wimbo.

Samba de roda ina ala ambazo ni nadra kuzipata kwingine. Mbali na pandeiro, ambayo ni tari yenye vibati, na viola, gitaa dogo la nyuzi kumi, kuna sahani ya jikoni inayokwaruzwa ukingo wake kwa kisu cha mezani. Dona Edith do Prato wa Santo Amaro alijulikana Brazil nzima kwa sahani yake. Mtu anayejifunza samba hii lazima pia ajifunze kuitikia kwa Kireno, walau viitikio vichache, na asiyependa kuimba atakosa nusu ya somo.

Samba-reggae iliundwa Salvador katika miaka ya 1980, na anayetajwa zaidi kuwa mbunifu wake ni Neguinho do Samba, kiongozi wa ngoma wa Olodum, kundi lililoanzishwa mwaka 1979. Ngoma kubwa kadhaa hugawana mdundo, kila moja ikijaza pengo la nyingine, huku ngoma ndogo zikipigwa kwa fito nyembamba. Kasi yake ya chini humpa mwanafunzi nafasi ya kusikia kila sauti, na kwa sababu hiyo naiona kuwa mlango mwepesi wa kuingilia muziki wa Brazil, hata kwa yule anayekusudia kuhamia samba nyingine baadaye.

Utaicheza wapi nje ya darasa

Kwa aliye Rio, samba no pé ina majira yake. Miezi ya kuelekea kanivali, inayoangukia Februari au Machi, kumbi za shule za samba hufungua mazoezi kwa umma, na mwishowe kuna Sambódromo, uwanja wa maandamano wa takriban mita 700 uliosanifiwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa mwaka 1984. Kwa watoto wa Mangueira kuna Mangueira do Amanhã, shule yao tangu mwaka 1987. Nje ya Brazil majira hubadilika: shule za samba za London huelekeza mazoezi yao kwenye kanivali ya Notting Hill mwishoni mwa Agosti, Coburg nchini Ujerumani ina tamasha la samba kila Julai, na San Francisco imekuwa na kanivali yake tangu mwaka 1979, nayo hufanyika Mei. Anayejiunga miezi miwili kabla ya tukio atakuta kundi lina haraka na mwalimu hana muda wa msingi; anayejiunga mara baada ya tukio atapata darasa tulivu na uangalizi zaidi.

Gafieira haina majira. Huchezwa usiku wowote penye bendi na sakafu, na katika Rio kumbi za Lapa na eneo la Praça Tiradentes zina historia ndefu ya dansi hii. Mikononi mwa walimu kama Maria Antonietta, Jaime Arôxa na Carlinhos de Jesus ilipata utaratibu wa kufundishwa darasani. Kwenye miji ya Ulaya na Marekani Kaskazini jamii yake ni ndogo, na mara nyingi huchangia jioni moja na dansi nyingine za wawili, kama forró au zouk ya Kibrazili. Ikiwa mji wako una jioni moja tu ya gafieira kwa mwezi, ujue kwamba maendeleo yako yatafuata mwendo huo.

Samba de roda ina makao yake katika miji ya Santo Amaro, Cachoeira na São Félix. Huchezwa kwenye sikukuu za watakatifu, kwenye karamu za Cosme na Damião mwezi Septemba, na katika sherehe ya Boa Morte mjini Cachoeira mwezi Agosti. Mbali na huko huwa haina darasa lake. Mahali pa kuitafuta ni kwenye makundi ya capoeira, sanaa ya kupigana ya Brazil inayochezwa kwa muziki, ambayo mengi humaliza mchezo wao kwa duara la samba, na baadhi huitisha warsha mgeni wa kutoka Bahia anapopita.

Samba-reggae inaonekana Pelourinho, kitovu cha mji wa kale wa Salvador, na kwenye kanivali ya jiji hilo. Kwingineko, makundi mengi ya ngoma ya Ulaya yanayojiita makundi ya samba hupiga mtindo huu, na huwa yana uhaba wa wachezaji kuliko wapigaji.

Gharama na mavazi

Madarasa yenyewe hayatofautiani sana kwa ada. Tofauti iko kwenye yanayofuata. Samba no pé ni rahisi hadi siku ya vazi. Shule nyingi za Rio huwapa wanajumuiya wa baadhi ya vikosi mavazi bila malipo kwa sharti la kuhudhuria mazoezi, ilhali vikosi vingine huuza vazi kwa yeyote, na manyoya ni ghali. Viatu virefu si lazima kwa mwanafunzi, na mwalimu anayekuvalisha siku ya kwanza anakuhatarishia vifundo. Gafieira inataka viatu vyenye soli ya ngozi au inayoteleza, kwani soli ya mpira hushika sakafu na goti ndilo linalopinduka. Halafu kuna viingilio vya usiku, ambavyo kwa mwaka huzidi ada ya darasa. Samba de roda inataka sketi pana na miguu mitupu au kandambili. Samba-reggae inataka chupa ya maji.

Adabu na asili

Samba zote nne zina mizizi katika watu waliouzwa utumwani kutoka Angola, Kongo na, katika karne ya 19, hata Msumbiji. Tofauti ni jinsi kila moja inavyoubeba urithi huo mbele ya mgeni. Samba de roda ndiyo inayomdai mgeni heshima ya wazi kuliko zote: UNESCO iliitangaza mwaka 2005 na kuiandikisha kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008, lakini kwa wenyeji ni sehemu ya ibada na karamu za nyumbani, kwa hiyo huingii duarani kabla hujaalikwa wala huonyeshi minenguo ya kanivali mbele ya bibi anayecheza miudinho.

Samba-reggae ilikua ndani ya harakati za Wabrazili weusi. Ilê Aiyê, kundi lililozaliwa Salvador mwaka 1974, bado huwapa watu weusi peke yao nafasi ya kuandamana nalo. Olodum humpokea yeyote. Nyimbo zake hutaja wafalme wa Afrika na madai ya haki, na darasa linalozifundisha kama mazoezi ya viungo tu linaacha jambo zito nje ya mlango. Gafieira ina adabu za ukumbini, na zamani kumbi zilizibandika ukutani: jinsi ya kumwomba mtu dansi, jinsi ya kukataa, jinsi ya kutowagonga wengine. Samba no pé ndiyo inayowapa wasichana wengi wasiwasi wa mavazi. Wasiwasi huo una haki yake, lakini mavazi ya wazi ni ya kikosi cha passistas, na hakuna anayelazimishwa kuingia humo.

Kila moja inamfaa nani

Samba no pé inamfaa mwenye magoti mazima, mwenye kupenda changamoto ya kasi, na mwenye ratiba isiyotabirika, kwa kuwa hatua zake hufanyiwa mazoezi hata jikoni. Haimfai sana anayekata tamaa upesi, maana kuna kipindi kirefu ambacho miguu inajua na mwili bado haujui. Gafieira inamfaa anayefurahia mazungumzo yasiyo na maneno kati ya wawili na aliye karibu na mji wenye kumbi. Samba de roda inamfaa anayependa kuimba, asiye na haraka, na anayevutiwa na chimbuko kuliko maonyesho. Mzee na kijana wako sawa mbele yake. Samba-reggae inamfaa anayeanza kabisa, familia inayotaka kucheza pamoja, na yule anayetaka kutoka jasho bila kutazamwa.

Kabla ya kulipa

Omba kuhudhuria kipindi kimoja, hata kama ni kwa malipo. Angalia sakafu, sikiliza kama kuna ngoma au spika tu, na umtazame mwalimu anavyomshughulikia mwanafunzi dhaifu kuliko wote. Muulize alijifunzia wapi na kwa nani. Mwalimu si lazima awe Mbrazili, lakini akishindwa kuitaja hata shule moja, mji mmoja au mzee mmoja aliyempa ujuzi wake, naona ni ishara mbaya. Uliza pia kama wanafunzi wapya hupokelewa wakati wowote au kwa muhula, kwa sababu madarasa ya gafieira huwa na ngazi, na anayeingia katikati huwapunguzia mwendo wenzake.

Kuchagua kwa hali yako

Ikiwa lengo lako ni kuandamana kwenye kanivali mwaka ujao na una miezi sita au zaidi, jiunge na shule ya samba na uanze na samba no pé, huku ukiacha wazi kikosi utakachoingia. Ikiwa una miezi miwili tu, omba kikosi cha kawaida chenye kutembea na kuimba, ujifunze wimbo wa shule kwa moyo, na uanze darasa la miguu kanivali ikiisha.

Ikiwa wewe na mwenzi wako mnatafuta jambo la kufanya pamoja jioni, gafieira ndiyo iliyo karibu zaidi na haja hiyo, kwa sharti kwamba mmoja wenu asijifanye mwalimu wa mwenzake. Mabishano ya nani kakosea hatua yameshawaondoa wengi darasani. Aliye peke yake na anayetaka kufahamiana na watu anaweza kuichagua pia, lakini akijiona anasita kushikana na wageni, safu za samba-reggae zitampa marafiki kwa njia nyingine.

Ikiwa magoti au mgongo una historia ya maumivu, muulize daktari kwanza, kisha uangalie samba de roda kabla ya nyingine. Usipoipata mjini kwako, darasa la samba-reggae ambalo mwalimu wake anakubali hatua zipunguzwe litakufaa. Wenye watoto wadogo watafute kundi la samba-reggae lenye ngoma, kwani mtoto asiyetaka kucheza hupewa kifimbo na bado mnarudi nyumbani pamoja.

Ikiwa umekwisha jifunza mojawapo na umekwama, usihame upesi. Mchezaji wa samba no pé aliyekwama hufaidika kwa wiki chache za samba de roda, ambazo humrudisha kwenye utulivu wa nyayo. Wa gafieira aliyekwama hufaidika kwa samba no pé, ambayo humpa mdundo asioutegemea kwa mwenzi. Na aliye mbali na miji yote hii, mwenye darasa moja tu ndani ya mwendo wa basi, aanze na hilo lililopo, lolote liwalo kati ya manne, na asikilize muziki wa mengine matatu akiwa njiani.